Sakafu ya Mbao Ngumu: Kuipiga Msasa na Kuipaka Upya Wewe Mwenyewe

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini kila mtu amepata mahali pa kuketi, na mwalimu ana chaki mkononi. Leo tutajifunza juu ya sakafu ya mbao, yaani namna ya kuichukua sakafu ya zamani iliyochakaa, kuipiga msasa, na kuipaka upya mpaka ipendeze.

Najua wengine watasema: "Sakafu yangu ni ya saruji, au ya udongo. Jambo hili lanihusu nini?" Ni kweli. Nyumba nyingi za kwetu hazina sakafu ya mbao. Hata zile nyumba za mawe za Unguja na Lamu, sakafu zake za juu ni boriti za mikoko, mawe na chokaa. Lakini yako majengo ya zamani, hasa sehemu za baridi, ambayo chini yametandikwa mbao: shule, makanisa, ofisi na nyumba za kukaa. Huenda darasa lenu liko ndani ya jengo la namna hiyo. Tazameni chini ya miguu yenu sasa hivi.

Nitawaambia kwa nini nimechagua somo hili. Mwaka mmoja nilikwenda kumwamkia mkaza mjomba wangu kule milima ya Usambara. Mjomba alikwisha fariki, naye mkaza mjomba alibaki katika nyumba ya zamani ya vyumba vitatu, vyote vyenye sakafu ya mbao. Mbao zilikuwa nyeusi. Miaka mingi zilipakwa polishi nyekundu ya kopo juu ya polishi nyingine, zikakanyagwa kwa viatu vyenye mchanga, zikamwagikiwa chai na mafuta ya taa. Nilimkuta bwana mmoja ndani, ameshika futi ya kupimia. Alikuwa akisema: "Mama, mbao hizi zimekwisha kufa. Mimi nitaziondoa bure, sikutozi hata senti, nawe utie saruji."

Mkaza mjomba akanigeukia. "Mwanangu, wewe wasemaje?"

Nikamwomba kisu cha jikoni. Nikapiga magoti pembeni, mahali palipofichwa na kabati, nikakwangua ubao mmoja kiasi cha upana wa kidole. Chini ya weusi ule ikatokea rangi ya asali. Ulikuwa mvule, mzima kabisa. Yule bwana akatazama, akakunja futi yake, akaaga. Mtu gani huja na futi kuchukua bure kitu kilichokufa?

Basi kazi ya kwanza ni hiyo ya kisu. Usiihukumu sakafu kwa rangi yake ya juu. Kwangua kidogo mahali palipofichika. Kisha chukua ncha ya kisu, uichome kwenye mbao zilizo karibu na ukuta, karibu na mlango, na chini ya dirisha ambamo mvua huingia. Ncha ikikataa kuingia, ubao ni mzima. Ikizama kama katika mkate, ubao ule umeoza au umeliwa na mchwa, nao hauna dawa ila kubadilishwa. Ukiona vitundu vidogo na unga mpya unamwagika, ni bungua. Mwondoe kwanza kwa dawa ya wadudu wa mbao, maana hakuna faida ya kumpambia bungua nyumba yake.

Kazi ya pili watu wengi huiruka, nayo ndiyo inayoharibu sakafu nyingi. Ni kupima unene. Mbao nyingi za sakafu za zamani zilikuwa na unene wa milimita 20 hivi zilipokuwa mpya. Usifikiri kwamba waweza kuzisaga zote 20. Ubao mmoja una ulimi ubavuni mwake, na ubao wa jirani una mfereji wa kuupokea ulimi huo, na hivyo ndivyo zinavyoshikana. Mbao unazoweza kuzipiga msasa ni zile zilizo juu ya ulimi tu. Katika sakafu mpya sehemu hiyo ni kiasi cha milimita 6 au 7. Ukiimaliza, ulimi hutokea nje, ukingo wa mfereji hupasuka vipande vipande, na misumari huonekana. Hapo sakafu imekwisha kweli.

Utapimaje? Tafuta ufa kati ya mbao mbili. Ingiza kipande chembamba cha karatasi ngumu mpaka kigote kwenye ulimi. Tia alama kwa penseli mahali kinapolingana na uso wa sakafu, kitoe, kipime kwa rula. Ukipata milimita 5, endelea. Ukipata 3 au pungufu, usilete mashine. Safisha kwa mkono na upake polishi tu. Kupiga msasa kwa mashine toka mwanzo mpaka mwisho huondoa karibu milimita moja, pengine pungufu kidogo. Fanyeni hesabu wenyewe, mtaona kwamba sakafu haivumilii kazi hii ila mara chache katika maisha yake yote. Mvule na mninga si miti ya kukua upesi kama mkaratusi. Mti uliotoa ubao ule ulikuwa umesimama tangu kabla ya babu yako kuzaliwa.

Sasa tutayarishe chumba. Toa vitu vyote. Toa mapazia pia, la sivyo yatakunywa vumbi mwezi mzima. Pita ukitazama misumari. Kila kichwa cha msumari kilicho juu kizamishe kwa nyundo na kipande cha chuma chenye ncha butu, kiende chini ya uso wa ubao kiasi cha milimita 2 au 3. Kichwa kimoja tu kikibaki juu kitapasua karatasi yote ya msasa, na cheche ya chuma juu ya unga wa mbao si jambo la kuchezea. Ubao unaolia unapokanyagwa haukushikamana na boriti yake. Utie skrubu mpya sasa, kabla ya msasa.

Polishi ya zamani ni adui mwingine. Ina nta, na nta ikipata moto wa msuguano huyeyuka, huziba karatasi ya msasa, ikawa kama umeipaka sabuni. Vilevile vanishi mpya haishiki juu ya nta. Kwa hiyo loweka kitambaa kwa tapentaini, sugua, futa kwa kitambaa kikavu, rudia mpaka kitambaa kitoke bila wekundu. Fungua madirisha yote. Kusiwe na jiko, kibatari wala sigara karibu. Vitambaa vyote vya kazi hii vitoe nje mara moja. Nitaeleza mbele kwa nini.

Lakini kama sakafu yako haina polishi bali rangi ya zamani ya kopo, simama. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, si risasi ya bunduki, bali madini yenyewe, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto, kwa kuwa hudhuru ubongo wao. Rangi ya namna hiyo haipigwi msasa mkavu. Vivyo hivyo vigae vya zamani vilivyogandishwa juu ya mbao: baadhi yake vilitengenezwa kwa asibesto. Usivisage. Mwite mtu ajuaye.

Na hata vumbi la mbao safi si la kudharau. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliandika vumbi la mbao katika orodha ya vitu viletavyo saratani kwa binadamu, hasa saratani ya puani. Vumbi la mvule lina ubaya wake zaidi: huwasha ngozi, hufanya macho yatoe machozi, na huwaletea watu wengine pumu. Maseremala wakongwe walijua. Leso puani haitoshi. Nunua barakoa iliyoandikwa N95 au FFP2. Nyinyi mnaojua kusoma sasa, someni maandishi hayo kabla ya kutoa fedha. Nunua na miwani ya kazi. Watoto na wenye pumu wasilale ndani ya nyumba hiyo siku za kazi.

Sasa msasa wenyewe. Hapo zamani mafundi walilainisha mbao kwa majani makavu ya mti uitwao msasa, ambayo hukwaruza kama ulimi wa paka. Mti huo ndio ulioipa karatasi yetu jina. Geuza karatasi ya msasa, nyuma yake utaona nambari imepigwa chapa, pengine na herufi P mbele yake. Nambari hiyo ndiyo siri ya kazi yote. Watu hufikiri nambari kubwa ni msasa mkali. Sivyo. Nambari ndogo, punje kubwa. Nambari kubwa, punje ndogo. Kwa nini? Fikirieni chekeche la unga. Chekeche lenye matundu 40 katika inchi moja hupitisha punje nene. Lenye matundu 120 katika inchi hiyohiyo, matundu yake ni madogo, hupitisha punje laini tu. Nambari za msasa zilitokana na machekeche.

Anza na 40. Huo unaondoa uchafu, vanishi ya zamani na mabonde madogo. Kisha 60, kisha 80, umalize na 100 au 120. Kila msasa una kazi moja tu: kufuta mikwaruzo ya msasa uliotangulia. Ukiruka kutoka 40 mpaka 120 kwa kutaka kuokoa muda, ule 120 hauna nguvu ya kufuta mitaro ya 40. Utasugua mpaka jua lituchwe. Tena mitaro hiyo haionekani mbao zikiwa kavu; hutokea siku ya vanishi, wakati umekwisha kukaribisha wageni.

Kabla ya kupanda nambari, fagia chumba chote, ufute na pembe zote. Punje moja ya 40 ikibaki sakafuni itakwaruza chini ya msasa wa 80. Na hapa nitawapa hila mbili za mafundi. Ya kwanza, chora mistari ya penseli hafifu sakafu nzima, kisha piga msasa. Mahali mstari ulipobaki, msasa haujapita. Ya pili, funga madirisha jioni, laza tochi sakafuni ili mwanga uende ubavu. Kila mkwaruzo utatupa kivuli chake.

Msasa ufuate nyuzi za mbao. Ukipiga kwa kukata nyuzi, mikwaruzo huonekana. Ukifuata nyuzi, hujificha ndani yake. Zile sakafu za vipande vifupi vilivyopangwa kama mkeka, nyuzi zake huenda huku na huku, basi hizo hupigwa mshazari kwanza, na mwisho kwa msasa laini sana na mkono mwepesi.

Chumba kidogo chaweza kufanywa kwa mkono. Funga karatasi ya msasa kwenye kipande cha ubao kinachojaa kiganja, usiishike kwa vidole vitupu, maana vidole huchimba. Kwa chumba kikubwa mijini waweza kukodi mashine ya kusimama, yenye silinda izungukayo na mfuko wa vumbi. Mashine hiyo ina sheria moja iliyo kubwa kuliko zote: silinda ikiwa chini na inazunguka, usisimame. Anza kutembea, ndipo ushushe silinda. Inua silinda, ndipo usimame.

Mimi sheria hii naijua kwa hasara. Nilipokuwa nafanya chumba cha pili cha mkaza mjomba, jirani alipita dirishani akanisalimu. Ni adabu kumjibu mtu. Nilisimama kumjibu, na mashine haikujua adabu. Kwa muda wa "Salama, habari za watoto?" ilikwisha chimba shimo kama sahani. Kulisawazisha shimo lile ningelazimika kuushusha uso wa chumba kizima, na mbao hazikuwa na unene wa kunisamehe. Nililainisha kingo zake tu. Mkeka upo juu yake mpaka leo, na kila nikienda mkaza mjomba huufunua kidogo, akautandaza tena bila kusema neno.

Mvule una hila nyingine. Ndani yake mara nyingine mna chembe ngumu kama mawe; kwa kweli ni chokaa iliyogandia ndani ya mti ulipokuwa hai. Hupasua karatasi na kufanya randa na patasi kuwa butu. Ukisikia mlio wa jiwe, tafuta mahali penyewe, uitoe chembe ile kwa patasi ya zamani, uzibe pengo baadaye.

Mashine haifiki kwenye kingo za ukuta wala pembeni. Hapo tumia mkono, au chuma bapa cha kukwangulia kilichonolewa vizuri, ukikivuta kuelekea kwako. Kazi hii inachosha magoti. Weka mto, na usione haya kupumzika. Watu wengi wanaacha kingo bila kumaliza, kisha rangi ya katikati na ya pembeni hazifanani, chumba kikaonekana kama kimevaa kanzu fupi.

Matundu ya misumari yazibe kwa unga wa msasa laini uliouweka akiba, uukande na gundi ya mbao. Rangi yake italingana kuliko puti ya dukani. Nyufa ndefu za kati ya mbao ziache. Mbao hupumua, huvimba masika na kunywea kiangazi, na kitu kigumu ulichotia kati yake kitasukumwa nje.

Mfuko wa vumbi wa mashine umwagwe nje ya nyumba kila jioni. Unga wa mbao uliochanganyika na vanishi ya zamani huweza kufuka moto wenyewe usiku.

Tumefika kwenye vanishi. Chagua vanishi iliyoandikwa kuwa ni ya sakafu. Ya viti na meza ni laini mno. Chagua siku kavu, usipake wakati wa mvua. Fagia, kisha futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, uache pakauke. Mvule una mafuta yake ya asili yanayoweza kuizuia vanishi isikauke, kwa hiyo jaribu kwanza mahali pa siri, uangalie kesho yake. Ikinata, futa sakafu kwa thina kabla ya kupaka.

Paka tabaka nyembamba tatu, usipake moja nene. Tabaka nene hukauka juu na kubaki mbichi chini. Anza pembe iliyo mbali na mlango, urudi nyuma kuelekea mlangoni. Mnacheka, lakini wapo waliolala dirishani. Kwa vanishi nyingi za mafuta ngoja siku nzima kati ya tabaka na tabaka, lakini neno la kopo ndilo la kufuata, basi lisomwe lote. Tabaka ikikauka, pitisha msasa wa 220 kwa mkono mwepesi, futa, paka tena. Mwisho, watu waweza kupita kwa soksi siku ya pili, lakini makabati yangoje juma zima.

Utanunua kiasi gani? Lita moja hutosha kama mita 10 za mraba kwa tabaka moja. Chumba cha mita 4 kwa mita 5 ni mita 20 za mraba. Basi lita 2 kwa tabaka, na tabaka tatu ni lita 6.

Sasa vile vitambaa. Wengine hawapendi vanishi, hupaka mafuta ya kitani, nayo hupendeza sana kwenye mvule na mninga. Lakini mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Hukauka kwa kuchukua hewa, na yakichukua hewa hutoa joto. Kitambaa kilichotandazwa hupoteza joto hilo. Vitambaa vilivyorundikwa pembeni hulifungia ndani, joto huzidi, na baada ya saa kadhaa moto huwaka bila kiberiti. Usiku wa tarehe 23 Februari 1991, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, jumba la ghorofa 38 liliwaka moto kwa sababu ya vitambaa vya mafuta ya kitani vilivyoachwa na mafundi waliokuwa wakisafisha mbao za ukutani. Askari wa zimamoto watatu walikufa. Kwa hiyo kila kitambaa kitandazwe nje kimoja kimoja, mbali na nyumba, mpaka kikakamae. Au kitumbukizwe katika debe la maji lenye kifuniko cha chuma. Vya vanishi ya mafuta na vya tapentaini vilevile. Fanya hivyo kabla ya kunawa mikono, kabla ya chai.

Kazi ya juma hili. Kila mwanafunzi apite dukani, aombe kuona karatasi za msasa, asome nambari nyuma yake na kuziandika katika daftari, kuanzia punje kubwa mpaka punje ndogo. Kisha afanye hesabu hii: chumba cha mita 3 kwa mita 4, tabaka tatu za vanishi, zahitajika lita ngapi? Mwalimu atasahihisha. Kwaherini.